Jirani Yetu wa Chile na Lugha ya Njia

Mgeni aingiaye Kolwezi hana budi kuuliza njia, maana watu wa hapa hawauelezi mji wao kwa ramani, wala mara nyingi kwa majina ya barabara. Humwelekeza mtu kwa vitu anavyoviona kwa macho: mwembe, mnara wa simu, ukuta wa parokia, reli, mama auzaye maandazi. Sisi tulihamia hapa kutoka Tabora kwa sababu ya kazi ya usafirishaji, tukiwa baba, mama na watoto watatu. Na jambo la kwanza tulilojifunza katika mji huu wa shaba lilikuwa hilo la kuulizana njia. Somo hilo lilitufikisha mbali, hata tukajikuta jioni moja tunaandika maneno ya Kihispania kwenye daftari la shule.

Kwanza tuseme habari ya Kiswahili cha hapa. Madereva wa malori waliotutangulia walikuwa wametuonya kwamba Kiswahili cha Katanga kina mwendo wake, nasi tukaja tumetega masikio. Mtu wa Kolwezi hakuulizi, "Unakwenda wapi?" bali, "Uko naenda wapi?" Nawe humjibu, "Niko naenda ku soko." Mahali kwao ni "fasi," mtu ni "muntu," na lile "ndio" la kuonyesha kitu hutamkwa "njo." Asemaye "paka hapa" hamtaji paka yule mla panya; anasema "hapa tu." Watoto wetu walicheka siku tatu kwa ajili ya paka huyo, na siku ya nne wakaanza kulitumia neno wenyewe.

Lakini neno lililotugusa zaidi ni "kuume." Kwetu siku hizi watu husema "kulia," na "mkono wa kuume" tumeusoma katika vitabu vya zamani na kuusikia kwa bibi zetu. Hapa tulilikuta neno hilo liko hai kabisa, kinywani mwa kijana mwendesha pikipiki. Ni kama kukuta kiti cha babu yako katika nyumba ya mtu usiyemjua.

Wala si ajabu sana, tukikumbuka kwamba Kiswahili kilifika huku kwa miguu pamoja na misafara. Msiri, aliyejenga ufalme wa Garenganze, alikuwa mtu wa Wasumbwa, yaani wa pande zetu. Na Bunkeya, uliokuwa mji wake mkuu, leo umo katika jimbo hili hili la Lualaba. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Baadaye ikaja Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ikakusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na Rodesia ya Kaskazini. Na kwa kuwa watu hao hawakuwa na lugha moja, Kiswahili kikafanywa lugha ya kazi. Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwaka 1937. Kwa hiyo mji huu ulizaliwa na wageni, na tangu siku ya kwanza ulikuwa na watu wanaoulizana, "Fasi ile iko wapi?"

Juu ya Kiswahili hicho kimekaa Kifaransa. Mtu huanza sentensi kwa "uende" na kuimaliza kwa "rond-point." Hapo ndipo tulipokutana na mtego ambao kila mgeni huonywa juu yake: "tout droit" ni kwenda mbele moja kwa moja, na "à droite" ni kupinda kuume. Tofauti kati ya mbele na kuume ni sauti ndogo ya "t" mwishoni mwa neno. Na pikipiki ikiwa inanguruma, nani ataisikia?

Mwaka 2022 nyumba ya pili kutoka kwetu alihamia fundi wa mitambo kutoka Chile, na mkewe, na mtoto wao wa kiume wa miaka miwili. Msomaji asishangae kumkuta Mchile katika Kongo. Chile hutoa shaba nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na Kongo sasa inaifuata, ikiwa imeipita Peru. Basi mafundi hufuata shaba kama wavuvi wafuatavyo samaki. Bwana yule aliondoka alfajiri na kurudi usiku, na majuma mengine alikuwa zamu ya usiku. Mkewe alibaki na mtoto katika mji ambao hakuujua, akiwa na Kifaransa kidogo na Kiswahili hata neno moja.

Mama wa nyumba yetu alimpelekea sahani ya sambusa, kama ilivyo desturi. Sahani haikurudi tupu. Ilirudi na maandazi ya kwao yenye nyama ndani, waitayo empanada. Baada ya sahani kwenda na kurudi mara kadhaa, tulifanya mapatano: sisi tumfundishe kuuliza njia za hapa, naye atufundishe za kwao. Watoto wetu walimwita "tía," maana alisema huko Chile ndivyo watoto wamwitavyo mwanamke rafiki wa mama yao, ingawa maana yake hasa ni shangazi au mama mdogo. Jambo hilo halikuhitaji maelezo marefu kwa mtoto wa Tabora.

Tulianza na sehemu za karibu: soko, duka la dawa, kanisa, hospitali, stesheni. "¿Dónde está la farmacia?" Duka la dawa liko wapi? "Está al lado de la iglesia." Liko kando ya kanisa. "Frente a" ni mbele ya kitu, mkitazamana nacho. "Detrás de" ni nyuma yake. "Cerca" ni karibu. "Lejos" ni mbali. "Esquina" ni pembe ya njia.

Hapo tukaona jambo la kupendeza. Mhispania ana maneno mawili mahali ambapo Mfaransa na Mwingereza wana moja. Akieleza mtu ni nani, husema "soy"; akieleza yuko wapi, husema "estoy." Yule mama alipoanza kutufafanulia, binti yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka 12, alimkatiza: "Lakini hata sisi tuna hivyo! Ni, na niko." Kweli kabisa. Husemi "kanisa ni wapi", unasema "kanisa liko wapi." Tena kuna hapa, hapo na pale. Kihispania kinazo ngazi tatu hizo hizo: "aquí" kwa karibu yangu, "ahí" kwa karibu yako, "allá" kwa mbali na sisi sote. Tulifurahi kama watu waliogundua undugu. Ila furaha yake ilipungua alipoambiwa kwamba kwetu hapa si neno moja bali matatu, hapa na huku na humu, na pale vilevile ina kule na mle. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

Kuume kwao ni "derecha," na kushoto ni "izquierda," neno ambalo, alivyotuambia, Wahispania waliliazima kwa Wabaski, watu wa milimani walio jirani zao. Na mbele moja kwa moja, kama wasemavyo Wachile, ni "derecho." Tulipolisikia tulitazamana. Mtego ule ule wa Kifaransa! "Derecho," mbele, "derecha," kuume. Herufi moja ya mwisho. Yule mama alisema hata kwao watu hukosana kwa sababu hiyo, na kwamba mama yake alimzoesha tangu utoto kuuliza tena: "¿Derecho o derecha?" Akatuzoesha na sisi. Watoto waliigeuza kuwa mchezo uani. Mmoja hufungwa kitambaa cha macho, na wengine humwelekeza kwa Kihispania mpaka aifikie ndoo.

Neno moja halikupata mwenzake, nalo ni "cuadra." Ni urefu wa upande mmoja wa jengo au kundi la majengo, tangu pembe ya njia hata pembe nyingine. Wachile hupima mji kwa hilo: nenda cuadra mbili, kisha pinda. Katikati ya Kolwezi, ambako Wabelgiji walichora njia kwa rula, hesabu hiyo inafaa. Ukitoka hapo ukaingia mitaa iliyojijenga yenyewe, haifai kitu. Huko hesabu nguzo za umeme, au muulize mtoto.

Sisi kwa upande wetu tulimfundisha jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kusalimu. Alikuwa na tabia ya kumwendea mtu na kuuliza papo hapo, kama ilivyo desturi katika miji mingi ya dunia. Tukamwambia, "Dada, hapa ukiuliza njia kabla ya salamu utaonyeshwa njia, lakini hutasindikizwa." Akajifunza "Jambo sana, Mama," na "Jambo sana, Papa," na kungoja kidogo. Baada ya juma moja alikuja anacheka: aliuliza habari ya duka la mkate, na bibi mmoja akafunga genge lake na kwenda naye mpaka mlangoni.

Lugha hizi mbili zilikwisha kukutana zamani katika nchi hii, kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 1965 Che Guevara alikuja na Wakuba kupigana ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, akajipa jina la Kiswahili, Tatu. Aliyemfundisha Kiswahili alikuwa kijana Mkongo, Freddy Ilanga. Vita vile vilishindwa katika muda wa miezi; lakini mwalimu yule kijana alipelekwa Kuba, akasoma udaktari, akaishi huko hata alipofariki mwaka 2005. Kila tukifikiria habari hiyo, tunamfikiria zaidi kijana yule kuliko mwanafunzi wake mashuhuri: alifundisha watu njia za kwao, kisha akawa yeye wa kuuliza njia ugenini maisha yake yote.

Sasa tufike kwenye usiku ule. Ilikuwa Februari, mvua zikiwa katika nguvu zake. Mtoto wa jirani alikuwa na joto tangu adhuhuri. Baba yake alikuwa zamu ya usiku, na simu haikupatikana huko chini. Saa nne za usiku yule mama alipata teksi njiani, akamfunga mtoto kifuani, akaondoka kwenda hospitali bila kutuamsha, kwa kuwa hakutaka kutusumbua. Hilo tulimgombeza baadaye, kwa upendo.

Karibu na saa tano simu yetu ililia. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Tulisikia mvua, na kilio cha mtoto, na sauti ya mwanamke isemayo upesi kama maji. Si Kifaransa, wala si kile Kiswahili chake cha sokoni alichokipata kwa jasho miezi mingi. Vyote viwili vilikuwa vimemkimbia. Ilikuwa Kihispania kitupu. Tulielewa teksi imezimika katika maji, dereva amekwenda kutafuta msaada wala hajarudi, na mtoto ameanza kutetemeka mwili mzima.

"¿Dónde está?" tukauliza. Uko wapi?

"Frente a una iglesia." Mbele ya kanisa. Makanisa ya Kolwezi nani atayahesabu? Tukamwomba aseme tena, polepole. Kando kuna duka la dawa, limefungwa. Nyuma yake kuna reli. Tulianza kupata picha, lakini picha mbili, si moja, maana baada ya rond-point ile anayoijua kila mtu njia hugawanyika. Ukipinda kuume kuna kanisa na duka la dawa, na ukienda mbele vilevile kuna kanisa na duka la dawa, na reli inazunguka nyuma ya pande zote mbili. Kati ya njia hizo mbili, kwa usiku ule, mtaro ulikuwa umefurika. Anayekwenda upande mmoja na kukosa, hana budi kurudi nyuma mbali ili afike upande wa pili.

Binti yetu, aliyekuwa amesimama na mshumaa, ndiye aliyeinama kwenye simu na kuuliza: "Tía, ¿derecho o derecha?"

Kukawa kimya kidogo. Kisha yule mama akajibu kwa sauti nyingine, ya mtu aliyeulizwa jambo analolijua: "Derecho. Con o. Dos cuadras."

Mbele moja kwa moja, kwa herufi o, cuadra mbili. Simu ikakatika, na hatukuweza kumpata tena. Betri ilikuwa imekwisha.

Jirani wetu wa upande wa pili ana gari refu la kubebea mizigo. Tulimgongea, akatoka na koti juu ya nguo za kulalia, wala hakuuliza maswali mpaka tulipokuwa njiani. Tulipita rond-point, tukaenda mbele, tukahesabu pembe ya kwanza, pembe ya pili. Taa za gari zikaangukia teksi ya njano imezama hata nusu ya magurudumu, na mama ameketi kiti cha nyuma, amemfunika mtoto kwa sweta lake. Tulifika hospitali kabla ya saa sita. Kipimo kilionyesha malaria, tena ile kali. Mtoto alichomwa sindano za artesunate usiku ule na siku iliyofuata, akaanza kumeza maji, na siku ya tatu alikula uji na kuutupa kijiko sakafuni, jambo ambalo mama yake alilipokea kama habari njema.

Muuguzi wa zamu alituambia jambo tunalolikumbuka: degedege ya malaria kwa mtoto mdogo hesabu yake ni ya dakika, si ya saa. Hatukumjibu. Tulikuwa tunafikiria ile o.

Tangu hapo tumekuwa na maoni yetu juu ya vitabu vya lugha. Vingi huanza na rangi, na wanyama wa porini, na siku za juma. Mtu anaweza kuishi mwaka mzima ugenini bila kumtaja twiga. Lakini kushoto, kuume, mbele, kando ya, nyuma ya, karibu na: maneno haya hayafiki 20, na familia inayohama ingeyajifunza safarini kabla gari halijasimama. Tena wayajifunze wenyeji nao kwa lugha ya mgeni wao. Mtu akiogopa sana hurudi katika lugha ya mama yake, kama mtoto akimbiliavyo nguo ya mama. Wakati huo lugha ya wenyeji aliyojifunza haimfai, na atakayemsaidia ni yule aliyejifunza kidogo ya kwake.

Mkataba wa bwana yule ulikwisha mwaka 2024. Juma la mwisho walikula kwetu, na watoto wakamwomba tía awaeleze njia ya kwenda nyumbani kwao kwa Kihispania, wapate kuichora. Alinyamaza, kisha akasema kwamba nyumba aliyozaliwa haiendeki. Ilikuwa Chuquicamata, mji wa wachimbaji katika jangwa la kaskazini ya Chile, kando ya shimo kubwa la shaba ambalo ni miongoni mwa makubwa ya dunia. Miaka ya 2007 na 2008 mji huo ulifungwa, wakazi wote wakahamishiwa Calama, ulio karibu. Hospitali yao imefunikwa na kifusi kilichotolewa shimoni. Hata hivyo alitueleza njia, pembe kwa pembe, na kila alipotaja kitu hakusema "está" bali "estaba": ilikuwepo shule, ilikuwepo sinema, lilikuwepo duka la mkate.

Mzee aliyetuendesha usiku ule alikuwa ameketi nasi mezani. Yeye ni mtu wa Kasulo. Huko mwaka 2014 mtu mmoja alichimba uani kwake akakuta mawe ya kobalti, na kabla ya siku nyingi watu wakawa wanachimba ndani ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ule ilizungushiwa ukuta ikawa mgodi, na waliokaa humo wakaondolewa. Katika mitaa mingine ya mji huu pia mashimo yamezidi kuzikaribia nyumba mwaka hata mwaka. Tulimtafsiria maneno ya mgeni, naye akatikisa kichwa taratibu. Akasema ndivyo anavyowaelekeza wajukuu wake wanapotaka kujua baba yao alizaliwa wapi: "Uende paka mbele, mpaka ile fasi kulikuwaka masomo." Masomo, kwa watu wa hapa, ni shule, na ile "-aka" ya mwisho ni ya mambo yaliyopita.

Binti yetu alichukua daftari. Akaandika mstari wa yule mama, chini yake mstari wa mzee, na chini yake wa Tabora: "mpaka mahali palipokuwa shule." Mama wa Chile akaomba asomewe wa katikati mara mbili, akaurudia mwenyewe mpaka mzee aliporidhika na matamshi yake.